Sahani ya kale ya Kijapani kwa baba mkwe: maandishi ya kitakoni hayatoshi

"Mwezi wa kumi na moja naenda Kyoto siku tisa kumtembelea kaka yangu anayesoma huko, kisha Tokyo siku tatu kabla ya kurudi. Nataka kuleta zawadi tatu. Ya kwanza ni ya baba mkwe wangu hapa Mombasa, mzee anayependa vitu vya kale. Sebuleni kwake kuna sanduku la Lamu na sahani za Kichina alizorithi kwa bibi yake. Ya pili ni ya mama yangu, yuko Nairobi, mpishi hodari. Ya tatu ni ya bosi wangu. Nimetenga yen 60,000 kwa zote. Shoga yangu aliyewahi kufika huko ananiambia niende magulio ya hekaluni nitafute vitu vyenye maandishi chini, kwamba hivyo ndivyo orijino. Kaka anasema vingi ni feki, bora ninunue vipya dukani, hasa yale mabakuli meusi yanayong'aa. Mimi naogopa kumpa mzee kitu cha uongo akagundua mbele ya watu. Nitajuaje cha kweli?"

Dada yangu, hofu yako kubwa naona si pesa, ni aibu: mzee aigeuze sahani, aangalie kitako, atabasamu kidogo, airudishe mezani bila kusema neno. Nakuelewa. Nilifanya kazi Kyoto miaka sita nyuma ya duka la muuza vya kale, nikiosha vyombo na kufungua masanduku, na tabasamu hilo nililiona mara nyingi. Wengi waliolipata walikuwa wameamini maandishi.

Nianze na hayo maandishi. Ukipita kwenye meza za vyombo vya bluu na nyeupe utakuta sahani nyingi zina herufi sita chini, zikisema kwamba chombo kilitengenezwa China zama za Chenghua wa ukoo wa Ming, yaani kati ya 1465 na 1487. Sahani yenyewe ni ya Arita, mji wa kisiwa cha Kyushu, ambako kauri ilianza kufinyangwa mwanzoni mwa karne ya 17. Wafinyanzi wa Arita waliziiga herufi hizo kwa sababu China ndiyo iliyokuwa na jina, na hakuna aliyeliona kuwa kosa. Ni kama vijana wetu wanavyovaa fulana ya timu ya Uingereza bila kudai wamezaliwa London. Kwa hiyo unaweza kushika sahani ya kale kweli yenye maandishi ya uongo. Na kinyume chake kipo pia: sahani ya mwaka jana iliyopigwa muhuri mzuri. Muhuri hupigwa kwa sekunde mbili.

Hata jina "Imari" halitaji mahali pa kutengenezwa. Imari ilikuwa bandari. Vyombo vya Arita vilipakiwa hapo. Katikati ya karne ya 17, China ilipokuwa vitani baada ya kuanguka kwa Ming na kauri yake ikawa adimu, Waholanzi waliokuwa wakifanya biashara Nagasaki waliigeukia Arita. Ndiyo maana nasema zawadi ya mzee inatafutika: sahani ya Arita ni jirani wa zile sahani zake za Kichina, ilizaliwa ikiziiga.

Badala ya kusoma kitako, kiguse. Pitisha kidole kwenye ile pete isiyo na glezi (ule utando wa kioo unaong'aa) ambayo sahani husimamia. Ya kale imelainika kwa kusuguliwa mezani miaka mingi, na vitundu vidogo vimeshika uchafu hapa na pale, bila mpangilio. Iliyozeeshwa kwa makusudi mara nyingi ina rangi ya kahawia iliyoenea sawasawa, kama imelazwa kwenye chai ya rangi. Kisha ielekeze juu ya sahani kwenye mwanga, uiinamishe: matumizi ya miaka huacha mikwaruzo myembamba inayokatizana kila upande, aliyesugua kwa msasa huacha mikwaruzo inayokwenda upande mmoja. Kwenye sahani kubwa za Arita utaona pia vidoa vitatu, vinne au vitano vyenye kukwaruza chini, mahali viegemeo vilipoizuia isibonyee tanuruni. Halafu iweke kwenye ncha za vidole vya mkono mmoja, uigonge taratibu kwa kucha ya mkono mwingine. Nzima inalia, yenye ufa inanguruma kidogo. Ufa wa unywele unaweza usiuone kwa macho, sikio litakwambia. Muulize pia muuzaji, "Kizu wa arimasu ka?", yaani ina kasoro? Mara nyingi atakuonyesha mwenyewe, kwa kidole.

Kabla hujasafiri, nenda Fort Jesus uangalie kauri za Kichina zilizo kwenye makumbusho pale. Si kwa ajili ya kujua bei. Ni kuyazoesha macho namna bluu ya kale inavyokaa chini ya glezi, ikiwa na ukungu kidogo pembezoni.

Sasa nikupe siri ambayo ingeniokolea pesa mwaka wangu wa kwanza. Mghushi hughushi chenye faida. Ukienda kutafuta sahani ya karne ya 17, unaingia uwanjani kwake. Lakini kuna sahani za zama za Meiji na baada yake kidogo, kuanzia miaka ya 1870 hadi 1920 na kitu, ambazo Wajapani huziita inban. Hapo ndipo wafinyanzi walipoacha kuchora kila sahani kwa brashi, wakaanza kuhamisha michoro kwa karatasi: mwanzo karatasi zilizotobolewa kama zile za kutia nakshi vitambaa, baadaye karatasi zilizochapwa kwa bamba la shaba. Zilitengenezwa kwa wingi mno, zikaingia kila nyumba, na leo zimejaa magulioni. Ndogo moja mara nyingi haifiki yen 3,000. Hakuna anayepoteza usiku kughushi kitu cha bei hiyo.

Na zinapendeza! Bluu yake ni kali, ya kobalti iliyokuwa ikiletwa kutoka Ulaya. Zile za karatasi iliyotobolewa zina mistari iliyokatikakatika, kwa sababu karatasi ilihitaji vidaraja ili isidondoke. Zile za bamba la shaba zina mistari myembamba kama ya noti ya benki, na ukifuata mchoro ukingoni utafika mahali vipande viwili vya karatasi vilipokutana vikakosana, ua likabaki nusu. Fundi alikuwa na sahani mia za kumaliza kabla ya jioni. Mimi napenda makosa hayo kuliko sahani nyingi za bei mbaya.

Tahadhari mbili kwa mzee. Vyombo huuzwa kwa seti ya tano, si sita wala nne. Neno la Kijapani la nne linasikika kama la kifo, kwa hiyo usihisi umepunjwa moja. La pili, uliza chombo kilikuwa cha kazi gani. Vikombe vidogo vya ukubwa wa kikombe cha kahawa chungu vingi ni vya kunywea sake, pombe ya mchele, na vibakuli vingine vya shaba vimetoka kwenye madhabahu ya Kibudha ya nyumbani. Kama mzee ni mtu wa msikitini, hatakushukuru. Kuna vikombe vinaitwa sobachoko, vilivyokuwa vya mchuzi wa tambi, vyenye kuta zilizosimama wima. Hivyo havina neno, na ni vizuri kwa kahawa. Sahani za zamani zenye rangi nyekundu na za dhahabu juu ya glezi zibaki za kutazamwa. Rangi za namna hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na ndimu huyatoa.

Twende kwa kaka yako na yale mabakuli meusi. Yeye anadhani kipya cha dukani ni salama. Mimi nilinunua bakuli jeusi, ndani jekundu, kwenye duka la zawadi karibu na kituo cha treni, nikaamini ni urushi, yaani utomvu wa mti ambao Wajapani hupaka kwenye vyombo. Nilijivunia bakuli hilo miaka miwili. Siku nilipojifunza kusoma herufi za kutosha, nililigeuza nikasoma kibandiko: unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, juu rangi ya kiwandani ya uretani. Duka halikunidanganya hata kidogo. Kweli yote ilikuwa imebandikwa pale chini, mimi ndiye niliyekuwa sijui kusoma.

Sheria ya Japani inataka kibandiko hicho. Kinataja mwili wa chombo, kama ni mti halisi, unga wa mbao au plastiki, na kinataja kilichopakwa juu. Unachotafuta ni herufi moja: 漆. Hiyo ndiyo urushi. Ukiona ウレタン ni uretani. Na ukiona カシュー, cheka kidogo, maana hiyo ni korosho.

Si mzaha. Mti wa urushi, mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja. Wabanguaji wa korosho wa Mtwara na Kilifi wanayajua mafuta ya ganda yanavyobabua vidole. Utomvu wa urushi ukiwa mbichi una kemikali ya jamii hiyohiyo, na huwatoa wanafunzi wa kazi hiyo vipele mikono mizima. Wajapani hutumia mafuta ya maganda ya korosho kutengeneza rangi inayofanana na urushi, ya bei nafuu zaidi. Si mbaya, ila si urushi.

Tofauti iko kwenye namna inavyokauka, na hapa ndipo wengi hukosea kuitunza. Rangi ya kawaida hukauka maji au spiriti ikiondoka. Urushi haikauki hivyo. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachovuta oksijeni na kuzifunga molekuli zikawa wavu mgumu, na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila unyevu. Ndiyo maana fundi huviweka vyombo kwenye kabati lenye unyevu wa asilimia 70 hadi 80 na joto la nyuzi 20 na kitu. Kikikosa unyevu, kinabaki kinanata. Tabaka moja, kisha kusugua, kisha jingine, na kazi nzima huchukua miezi. Ikishaganda, maji ya moto, chumvi na siki haviifanyi kitu, na kwa kawaida haimwashi mtu. Kinachoiua ni jua na ukavu. Hewa ya Mombasa inaipenda kuliko chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa, na iko hatarini zaidi Nairobi kwenye dirisha la jikoni linalopigwa na jua la saa nne. Usiiweke kwenye maikrowevu wala mashine ya kuoshea vyombo. Oshea sifongo laini, futa, basi.

Je, umnunulie mama? Kama ni mtu wa kupika pilau ya watu thelathini na kusugua vyombo kwa waya, hapana. Utampa kitu cha kumtia wasiwasi. Kama ungemnunulia mtu bakuli moja la kulia uji kila asubuhi, ningesema tafuta la Wajima, mji wa rasi ya Noto uliopigwa na tetemeko la tarehe 1 Januari 2024, ambako mafundi wengi walipoteza karakana. Jiandae kutoa yen 10,000 na zaidi kwa bakuli moja la kweli. Kipya kikiwa na harufu kali, kiache mahali penye hewa wiki kadhaa. Na kama kuna mtu nyumbani ambaye maganda ya embe humtoa vipele, asianze yeye kukitumia. Vikimtokea, asipake dawa za kubahatisha, aende kwa daktari wa ngozi akaeleze alichoshika.

Kwa mama mpishi mimi ningechukua kisu. Chagua kile cha kazi zote, santoku, chenye makali pande mbili, wala usivutiwe na kile kirefu chembamba cha kukatia samaki mbichi, kimenolewa upande mmoja na kitamsumbua. Omba cha chuma kisichoshika kutu. Vile vya chuma cha kaboni hukata kama wembe lakini ukikata ndimu ukakiacha dakika kumi kinageuka rangi. Mwambie mapema: si cha mfupa, si cha nazi, si cha muhogo uliogandishwa. Chuma chao ni kigumu, na kigumu hubanduka vipande. Kyoto utavipata soko la Nishiki, Tokyo mtaa wa Kappabashi ambako hununua wenye mikahawa. Maduka mengi huchonga jina la mwenyewe kwenye bapa ukingoja. Kiweke kwenye sanduku la kukabidhi, si mkobani, la sivyo kitabaki uwanja wa ndege.

Bosi tusimchoshe. Zawadi kubwa kwa bosi huzua maneno ofisini. Mnunulie chapa ya mbao, mchoro uliopigwa kwa mkono kwa vibao vilivyochongwa, kibao kimoja kwa kila rangi. Nakala mpya zilizochongwa upya kufuata Hokusai au Hiroshige, wachoraji wa kale wa Japani, ni kazi halali ya ufundi na huuzwa zikiitwa hivyo. Unachokwepa ni karatasi ya mashine inayouzwa kwa bei ya mkono. Kuza kwa kamera ya simu: ukiona vidoti vidogo vya rangi kama picha ya gazeti, ni mashine. Kisha geuza nyuma. Ya mkono rangi imepenya kwenye nyuzi za karatasi, na utaona alama za mviringo za kile kisahani anachosugulia mpigaji. Tokyo, mtaa wa Jimbocho, utapata pia kurasa za vitabu vya kale vilivyopigwa hivyo kwa yen elfu chache, za kale kweli. Ikiwa hata hiyo ni nyingi, mletee furoshiki, kitambaa cha kufungia vitu. Sisi watu wa kanga hatuhitaji kufundishwa kukitumia, na katikati ya karne iliyopita kanga nyingi za pwani zilichapwa huko huko Japani.

Kuna meza moja ambayo naomba upite bila kusimama: ya vitu vidogo vya rangi ya maziwa, vifungo vya kuchonga, mihuri, sanamu za wazee wanaocheka. Baadhi ni pembe za ndovu, 象牙. Ndani ya Japani bado huuzwa kihalali, kwa hiyo muuzaji huenda asikuonye. Lakini biashara yake kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1989, mwaka uleule Rais Moi alipochoma tani 12 Nairobi, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haina utani. "Ni ya zamani" si utetezi wa kwenda kujaribu kwa afisa wa forodha. Vitana na fremu za miwani za rangi ya asali zenye madoa meusi nazo ziache. Lile ni ganda la ng'amba, kasa yuleyule wa pwani yetu.

Kuhusu siku. Gulio la hekalu la Toji huwa tarehe 21 kila mwezi, kumkumbuka Kobo Daishi, mtawa wa Kibudha aliyefariki tarehe hiyo mwaka 835. La Kitano Tenmangu huwa tarehe 25. Ukipanga zile siku tisa zako ziguse zote mbili, tarehe 21 tembea, gusa na uulize tu, nunua kidogo. Tarehe 25 ndiyo ununue. Fika asubuhi na mapema na noti mkononi. Kupunguziwa kupo lakini si kwa mtindo wa soko la Kongowea: ukitupa nusu ya bei unamtusi mtu. Shika vitu viwili vitatu, tabasamu, uliza kama anaweza kupunguza kidogo, akikataa mshukuru. Dukani bei ni bei. Huko dukani ndiko kwenye msamaha wa kodi ya asilimia 10, kwa mwenye viza ya matembezi anayenunua kuanzia yen 5,000, chukua pasipoti. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 utalipa kodi yote kwanza, urudishiwe baada ya forodha kuthibitisha kwamba vitu vinatoka nchini.

Sasa, ukikuta kitu magulioni cha zaidi ya yen 30,000 moyo ukaanza kudunda, weka chini. Mpango wangu wa magulioni mpaka hapa umejengwa juu ya vitu ambavyo ukikosea kimoja unapoteza yen elfu mbili au tatu. Zaidi ya hapo haisaidii makala wala picha uliyomtumia mtu kwa simu. Chombo kinahitaji mikono ya mjuzi. Nenda na kaka yako kwenye maduka ya mtaa wa Shinmonzen au Teramachi, kwa muuzaji mwenye kibali cha vitu vya kale kilichotundikwa ukutani, kinachotolewa kwa kupitia polisi. Mwambie akuandikie kwenye risiti kitu ni nini, cha wapi, cha zama gani. Asiyeogopa anaandika. Asiyetaka kuandika amekwisha kukujibu. Kama kuna sanduku la mbao lenye saini ya fundi, kaka asome kama saini ni ya chombo hicho. Masanduku huhama vyombo kuliko watu wanavyohama nyumba. Mali bila daftari hupotea bila habari, na risiti hiyohiyo utaihitaji forodha ukifika uwanja wa ndege wa Moi.

Ukinigawia mimi zile 60,000, ningeweka 12,000 kwa seti ya sahani tano za inban, 18,000 kisu, 12,000 chapa ya bosi, na kilichobaki nikiache hadi tarehe 25, maana kuna kitu kitakuita. Sahani zifunge moja moja kwa gazeti, zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze, na uzibebe mkononi kwenye ndege.

Usiku wa kumpa mzee, usimwambie ni ya miaka mia mbili. Mwache aigeuze mwenyewe. Akishamaliza na kitako, mwonyeshe ukingoni pale ua lilipokatika nusu, umweleze habari ya karatasi mbili zilizokosana.